Kupanda Margherita theluji ya Machi ikiwa mbichi: mwongozo kamili, kutoka kibanda cha Elena hadi kileleni na kurudi

Kila mwaka mvua za Machi zinapoanza, ujumbe ninaoletewa ni uleule: "Tulifika Elena, tukageuka." Mmoja alilowa miguu tangu kinamasi cha Bigo na hakukauka tena. Mwingine kichwa kilimpasuka usiku. Wengi zaidi walitoka wamechelewa, kukapambazuka wakiwa bado wanatambaa kwenye miamba, na jua likaharibu theluji kabla hawajaigusa ile barafu yenye mwinuko mkali.

Mwongozo huu unahusu kipande hicho cha mwisho cha milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda: kutoka kibanda cha Elena, mita 4,541, hadi Margherita, kilele cha mlima Stanley, mita 5,109, katika wiki ambazo mvua ya huku chini inageuka theluji kule juu. Safari ya chini nitaigusa pale tu inapoamua kama utafika.

Kuna mambo mawili ya kuelewa kwanza. Theluji ya Machi huanguka ikiwa na maji mengi, kwa sababu joto la usiku huchezea karibu na sifuri. Kabla ya alfajiri huganda juu na kubeba mtu vizuri. Jua likishaipiga hulainika kama uji. Pia mara nyingi ni nyembamba. Chini yake kuna barafu ya zamani, ngumu na yenye utelezi, au bamba tupu la mwamba. Macho yanaona weupe mmoja tu, mguu unakutana na vitu vitatu tofauti. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inategemea saa yako na kujua unakanyaga nini.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 8 usiku ndiyo ile kiongozi anayezungumza Kiingereza ataiita saa mbili. Hakikisheni mnakubaliana jioni, maana makundi yamewahi kupishana kwa hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka Kasese

Kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) na kiongozi ni lazima. Hakuna anayepanda Rwenzori peke yake. Ukipitia lango la Nyakalengija au la Kilembe, waendeshaji wa safari hukodisha vifaa vya barafu. Usiridhike kusikia kwamba vipo. Vishike, vivae, ukiwa bado chini.

Vya miguuni:

- Gambuti za kutembelea kwenye matope, zenye nafasi ya soksi mbili.
- Viatu vya mlima vyenye soli ngumu. Kiatu ukikikunja kwa mikono miwili na kikakunjika, hakifai. Kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, huchomoka kwenye soli laini. Gambuti haifungwi kramponi kabisa.
- Kramponi zenye meno 10 au 12, pamoja na yale mawili ya mbele. Tafuta zenye bamba la plastiki au mpira chini yake. Theluji mbichi hunata kwenye chuma kitupu.
- Soksi za sufu, jozi moja isiyoguswa hadi usiku wa Elena.

Vya mwilini: nguo ya ndani isiyo ya pamba, sweta la sufu au fulana nzito ya manyoya, jaketi la joto, na koti na suruali za mvua. Pamba ikilowa inabaki imelowa, nawe unaganda ndani yake. Si lazima kutumia pesa nyingi: mitumba ya Kasese, au soko la Owino ukiwa Kampala, ina masweta ya sufu na majaketi mazuri kuliko mengi ya dukani. Koti la mvua lijaribu palepale sokoni. Geuza mkono wa koti nje ndani, mimina maji kidogo kwenye mshono wa bega, subiri dakika mbili kisha pitisha kidole upande wa pili. Kidole kikilowa, rudisha koti.

Vya mikononi na kichwani: glovu nyembamba za ndani na nzito zisizopitisha maji, pamoja na jozi ya akiba, kwa kuwa glovu hupeperushwa na upepo mara moja tu. Boshori ya kufunika masikio. Helmeti. Tochi ya kichwani na betri mpya za akiba. Miwani ya jua ya giza iliyofungwa pembeni: theluji mbichi hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua, na macho yasiyokingwa huungua ndani ya saa chache. Mafuta ya kukinga jua, yapake pia chini ya pua na chini ya kidevu, kwa sababu mwanga unatoka chini.

Vya kamba: mkanda wa kiunoni wa kupandia, karabina nne zenye kufuli (pete za chuma za kujifungia kwenye kamba), vipande viwili vya kamba fupi vya kujifungia, na shoka la barafu. Kamba kuu hubebwa na kiongozi.

Mwisho, kavera nene, yaani mifuko ya plastiki. Panga nguo za kulalia, begi la kulalia na soksi za kilele ndani ya kavera mbili, moja ndani ya nyingine, kisha ndio uziweke kwenye mzigo wa mpagazi. Mfuniko wa mvua wa begi hautoshi kwa mvua ya Machi.

## Hatua ya 1: Fika Elena ukiwa mkavu na kichwa chepesi

Kwa njia ya kati, ile ya Nyakalengija, watu hulala Nyabitaba (mita 2,651), John Matte, Bujuku (mita 3,962), halafu Elena. Ukishavuka mita 3,000, kanuni ya kawaida ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ratiba hii inavuka kiwango hicho zaidi ya mara moja.

Ushauri wangu ni mmoja, na naurudia kila mara: ongeza usiku mmoja Bujuku. Siku hiyo tembea juu kuelekea njia ya Scott Elliot, pale pa kuvukia kati ya milima, kaa kidogo, rudi kulala chini. Inagharimu chakula cha siku moja na malipo ya siku moja ya wapagazi. Sijui pesa inayotumika vizuri zaidi katika safari nzima.

Anayepitia Kilembe hupata nafuu kidogo, kwani njia ni ndefu na kambi ni nyingi kabla ya Margherita Camp (mita 4,485). Kanuni ni ileile.

Dawa ya asetazolamidi (Diamox) inasaidia mwili kuzoea hewa nyembamba ya juu, lakini zungumza na daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Haifichi ugonjwa wa mwinuko, wala haichukui nafasi ya kupanda polepole.

Kinamasi cha Bigo nacho huamua mengi. Machi tope linaweza kufika goti pale penye ubao uliovunjika au kuzama. Kanyaga alipokanyaga kiongozi, pima kwanza kwa fimbo, na usiruke. Gambuti ikiingia maji, simama, mwaga, kamua soksi, endelea. Watu huona aibu kusimamisha kundi, wakatembea saa tano na maji ndani.

Onyo. Kichwa kikiuma na huna hamu ya kula, usipande zaidi mpaka hali ipite. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukohoa kifua kikitoa mlio wa maji, au kukosa pumzi ukiwa umekaa, shuka mara hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usishuke peke yako. Uokoaji huku ni wa machela na mabega ya watu, na kutoka Elena hadi barabarani ni safari ya siku kadhaa. Kila saa unayosubiri unaiongeza kwenye mzigo wa watakaokubeba.

Umefanikiwa ukiona: umefika Elena mchana, unakula ulichopewa ukamaliza, mkojo ni mweupe, na nguo za ndani ya kavera ni kavu.

## Hatua ya 2: Tumia mchana wa Elena kwa kazi

Wengi wakifika Elena hujitupa kitandani. Pumzika saa moja, kunywa chai, kisha fanya mambo matatu kabla jua halijazama.

Funga kramponi kwenye kiatu chako, mchana, ukiwa umekaa. Rekebisha urefu mpaka kiatu kikae bila kucheza. Kinyanyue kwa kushika kramponi pekee, ukitikise. Kikidondoka, bado. Ncha za mikanda zikunje na kuzificha, zisije zikanaswa na meno ya mguu wa pili. Kisha zifungue na uzifunge tena ukiwa umevaa glovu, halafu mara nyingine macho yamefumbwa. Saa 10 usiku, upepo ukipuliza na vidole vimekufa ganzi, mikono yako itafanya kile ilichozoea mchana.

Jifunze kujizuia. Mwombe kiongozi awapeleke kwenye mteremko mfupi wa theluji ambao chini yake ni tambarare na hauna mawe. Ukiteleza, geuka tumbo lielekee mlima, vuta kichwa cha shoka hadi kwenye bega, mkono wa pili ushike mwisho wa mpini, na uzito wote wa kifua ulale juu ya shoka. Miguu inyanyue: meno ya kramponi yakinasa ukiwa unateleza kwa kasi, yanakupindua kichwa chini. Rudia mpaka mwili ufanye bila kufikiri. Ujue pia mpaka wake. Mbinu hii inafanya kazi kwenye theluji. Kwenye barafu ngumu karibu haifanyi, na ndiyo sababu kule juu mnafungwa kamba.

Weka kipimo cha theluji. Nje ya kibanda tafuta jiwe tambarare lisilo na kinga ya ukuta, lipanguse kabisa. Theluji itakayokuwa juu yake usiku ndiyo iliyoanguka tangu jioni. Ni kitu kidogo sana hiki, na usiku kitajibu swali kubwa kuliko yote.

Zungumza na kiongozi pia, kwa adabu na kwa uwazi. Vijana na wazee wa Kikonzo wanaoongoza Rwenzori wanaijua barafu hii mwaka hadi mwaka. Inapungua na kuvunjika, ngazi na kamba zinahamishwa, na njia ya mwaka juzi huenda leo haipo. Muulize: "Kiongozi, njia ikoje wiki hii? Tukifika saa ngapi hatujamaliza, tunageuka?" Ukimuuliza hivyo jioni, unampa ruhusa ya kukugeuza asubuhi. Viongozi wengi husita kumkatalia mgeni aliyelipa, na mgeni naye husita kusema amechoka. Yamalizeni mkiwa na vikombe mkononi.

Umefanikiwa ukiona: kramponi zimefungwa chini ya dakika tatu kwa glovu, kila mtu wa kamba yenu anajua saa ya kugeuka, na begi la kilele limepangwa kabla ya kulala.

## Hatua ya 3: Kuamka, na kuamua

Amkeni saa 7 usiku. Maji Elena huchemka yakiwa na joto la nyuzi 85 hivi, kwa hiyo chai itakuwa dhaifu na uji hauivi haraka; mpishi aanze mapema. Kula hata kama tumbo linakataa: chapati na asali, karanga, ndizi, chochote kinachopita. Jaza thamosi chai yenye sukari. Chupa ya maji iweke kichwa chini ndani ya begi, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu, na ukiisimamisha ni mfuniko utakaoziba. Mirija ya kunywea iache kibandani. Simu iweke mfuko wa ndani kabisa, baridi humaliza betri upesi.

Sasa nenda kwenye jiwe lako na tochi na shoka.

Kama theluji mpya inakaribia sentimita 30, msiende kwenye mwinuko mkali siku hiyo. Kiasi hicho kwa usiku mmoja, juu ya barafu yenye utelezi, kinaweza kuporomoka chote pamoja na aliye juu yake. Kama ni sentimita chache na imeganda juu, hiyo ndiyo hali mnayoitaka. Kama ni mvua inayonyesha, au theluji inayolowesha glovu mara ukiigusa, maana yake usiku haukuganda, subirini. Kama kuna radi, hakuna mjadala.

Kila mmoja pia ajibu kwa sauti, mbele ya wenzake: Kichwa kikoje? Umekula? Miguu ni mikavu? Jibu baya moja linatosha kumbakiza mtu kibandani na mwenzake wa kumwangalia.

Kutoka ni saa 8 usiku. Safari ya kupanda kutoka Elena huchukua saa tano hadi saba kwa watu wengi, na theluji mbichi haipunguzi. Mwezi Machi jua la upande huu wa Uganda huchomoza baada ya saa 1 asubuhi. Mkitoka saa 8, mnapata saa tano za theluji ngumu. Mkitoka saa 10, mmejinyima mbili.

Siku ya akiba Elena iwe ndani ya bajeti tangu Kasese. Bila siku hiyo hamtaamua, mtaenda tu.

## Hatua ya 4: Mabamba ya mwamba juu ya Elena

Hapa ndipo wanaogeuka wengi hugeukia, na si mahali penye mwinuko mkubwa kuliko pote. Ni mabamba makubwa ya mwamba, mchana kavu unayatembea kwa mikono na miguu bila shida. Yakiwa na vidole viwili vya theluji juu yake, huoni ufa wala ukingo, na chini ya theluji mara nyingi kuna ganda jembamba la barafu inayong'aa kama kioo.

Fanya hivi. Kabla ya kuweka uzito, futa theluji kwa ubavu wa kiatu uone unakanyaga nini. Ukiona mwamba wenye mikwaruzo, kanyaga soli nzima, usikanyage kwa ncha ya kidole. Ukiona unang'aa, tafuta pengine au vaa kramponi. Uamuzi wa kuvaa kramponi mapema ni wa kiongozi: kwenye mwamba mtupu zinateleza na kusaga meno, kwenye ganda la barafu ndizo pekee zinazoshika.

Mkono ushike mwamba, usishike theluji iliyolala juu yake. Palipo na kamba ya kudumu, jifunge. Kumbuka tu kwamba kamba iliyoganda ni nene na yenye utelezi, vifaa vya kubana kamba haviishiki vizuri. Ivute kwanza kwa nguvu uone kama imenaswa chini ya barafu au iko huru.

Nenda polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Jasho hapa ni hasara, litakuganda mgongoni kwenye uwanda wa juu. Ukianza kuhisi joto, fungua zipu kabla hujalowa.

Umefanikiwa ukiona: mmefika ukingo wa barafu ndani ya saa moja na nusu hivi, mgongo mkavu, na bado ni giza.

## Hatua ya 5: Uwanda wa barafu wa Stanley

Vaeni kramponi zote, fungeni kamba. Watu watatu au wanne kwa kamba moja, umbali wa mita nane hadi 12 kati yao. Kamba iguse theluji kidogo katikati, isiburuzwe. Ikilegea sana, atakayetumbukia atapata kasi kabla hamjamshika.

Uwanda ni rahisi kwa miguu, na urahisi huo unawalegeza watu. Theluji mpya hufunika nyufa za barafu. Fuata nyayo za kiongozi, na mahali anapochoma shoka na kusita, nawe usite. Hakuna kufungua kamba ili kupiga picha.

Hatari kubwa zaidi hapa ni ukungu. Unaweza kuingia ndani ya dakika kumi, mbingu na ardhi zikawa rangi moja, nawe hujui kama unapanda au unashuka. Nyayo zenu za kwenda zitakuwa zimefunikwa. Kwa hiyo wakati wa kwenda, rekodi njia kwenye simu au kifaa cha GPS, na pigeni vijiti vyenye kitambaa chekundu kila mnapopinda. Mkirudi, mnaving'oa na kuondoka navyo.

Ukungu ukiwakuta kabla hamjavuka nusu, rudini. Ukiwakuta mbele, simameni mkiwa mmefungwa, kaeni karibu, msubiri upungue.

## Hatua ya 6: Barafu ya Margherita

Baada ya uwanda, njia hushuka chini ya kilele cha Alexandra kwa mwamba, kamba na ngazi, kisha inaanza kupanda barafu ya Margherita yenyewe. Hapa mwinuko ni mkali kwelikweli, na hapa ndipo miguu inaamua.

Ngazi kwanza. Jifunge karabina kabla ya kukanyaga kidaraja cha kwanza. Vipande viwili vya kamba fupi vina kazi moja: wakati wa kuvuka fundo, unahamisha kimoja, kingine kikiwa bado kimefungwa. Hakuna sekunde ambayo huna hata kimoja. Meno ya kramponi hunasa kwenye vidaraja, kwa hiyo weka katikati ya kiatu na utazame chini kila hatua.

Kwenye theluji, hatua zina namna tatu.

Pale mwinuko ni wa wastani, kanyaga meno yote ya chini kwa pamoja, kiatu kikilala sawasawa na mteremko, vidole vikitazama pembeni kidogo. Vifundo vya miguu vitalalamika. Ni kawaida.

Mwinuko ukizidi na theluji ikiwa imeganda, piga teke moja la nguvu kutoka gotini, mbele, meno mawili yaingie, na kisigino kishushe. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza: wakichoka wananyanyua kisigino kama mtu anayechungulia ukutani, meno ya mbele yanachomoka, na mguu unaondoka. Kisigino chini, mgongo wima, uzito juu ya miguu. Ukiinama na kukumbatia mlima, unajisukuma nje.

Theluji ikiwa laini, piga mpaka mguu ukutane na kitu kigumu. Kama chini ya theluji unasikia sauti kavu ya chuma, umefika kwenye barafu ya zamani, simama juu yake kwa uhakika. Kama unazama hadi goti na hakuna kinachoshika, mwambie kiongozi. Ukisikia mlio mzito wa kudidimia chini ya miguu, au ukaona ufa ukikimbia kwenye theluji mbele yako, mteremko umeshasema. Geukeni kwa njia mliyopandia, mmoja mmoja.

Shoka liwe mkono wa upande wa mlimani kila wakati, na unapogeuza mwelekeo, hamisha shoka kwanza ndipo uhamishe miguu. Choma, piga hatua mbili, choma. Upate mdundo na upumue nao. Mgandamizo wa hewa hapa ni nusu na ushei tu ya ule wa pwani, na mwenye haraka ataishia kusimama kila dakika.

Theluji ya Machi hunata chini ya kramponi. Inajikusanya mpaka unatembea juu ya bonge la theluji, meno hayagusi chochote. Kila hatua chache gonga ubavu wa kiatu kwa mpini wa shoka. Theluji ikinata kila hatua licha ya kugonga, inakuambia joto limepanda, na saa yenu inaisha.

Vigimbi vikitetemeka, usikaze meno uendelee. Chimba kijukwaa kidogo kwa shoka, simama kwa kisigino chote, hesabu pumzi kumi.

Mwangalie mwenzako. Anayejikwaa mara kwa mara, anayedondosha glovu, anayejibu kwa maneno ya kuburuza, mwili wake unapoteza joto. Mpe chai ya sukari, mvike jaketi, geukeni naye. Yeye mwenyewe atakwambia yuko sawa.

Saa ya kugeuka: saa 3 asubuhi, popote mlipo. Hata kama kilele mnakiona.

Umefanikiwa ukiona: jua linachomoza mkiwa juu ya barafu ya Margherita, na kramponi bado zinatoa mlio mkavu.

## Hatua ya 7: Mwamba wa mwisho

Juu ya barafu kuna kipande cha mwamba chenye kamba kabla ya kilele. Jua likianza kupasha, vijiwe vilivyoshikwa na barafu huachia, kwa hiyo helmeti haivuliwi na hakuna anayesimama chini ya mwingine. Kileleni, mpakani na Kongo, kaeni dakika 20: jaketi, kitu kitamu, picha, basi.

## Hatua ya 8: Kushuka

Lengo ni kuwa nje ya barafu yenye mwinuko kabla ya saa 5 asubuhi. Baada ya hapo theluji ni laini, na mawingu ya mchana ya msimu wa mvua huja na radi. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, ondokeni kwenye vigongo na miamba iliyojitokeza mara moja.

Kwenye mwinuko mkali shuka uso ukiwa mlimani, kama ulivyopanda, tazama kati ya miguu. Anayejua zaidi hushuka wa mwisho, ili awe juu ya kamba kuwashika wengine. Mwinuko ukipungua, geuka, kunja magoti kidogo, chomeka kisigino kwa nguvu na uamini uzito wako. Woga humfanya mtu aegemee nyuma, na ndipo meno yanapochomoka.

Kuteleza kwa makalio ili kuokoa muda, hapana, kamwe, ukiwa umevaa kramponi. Jino moja likinasa, goti au kifundo kinavunjika.

Gonga theluji kwenye kramponi mara nyingi kuliko wakati wa kupanda. Kwenye mabamba ya Elena, theluji ya asubuhi itakuwa imegeuka maji. Kuweni na kamba mpaka kiongozi aseme mfungue, hata kama kibanda mnakiona na harufu ya chai inawafikia.

## Mkishafika kibandani

Vua viatu, tazama vidole vya miguu kimoja kimoja. Kidole cheupe au cha kijivu kisichohisi, kipashe kwa maji ya vuguvugu au kwapani mwa mtu. Usikisugue, wala usikisogeze kwenye moto. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, kiache kama kilivyo mpaka mfike mahali pa kukitunza vizuri. Kisha kuleni, na mshuke kulala Kitandara au kambi ya chini yenu; usiku wa pili Elena baada ya kilele hauna faida yoyote.

Kama kuna kundi linalopanda, kaeni nao dakika tano kabla ya kuondoka. Waambieni theluji ilikuwa sentimita ngapi kwenye jiwe, iliganda mpaka saa ngapi, ngazi na kamba zipi zimefunikwa, na nyufa mmeziona wapi.